Mjomba wa Ndege za Rimoti Anajibu

Mtu ambaye ndege yake inaruka vizuri hana haja ya kuniandikia; yuko uwanjani. Kwa hiyo barua zinazonifikia nyingi zimeandikwa na watu walioshika vipande mkononi, na mimi sina ubavu wa kumcheka yeyote. Nyumbani nina boksi la viatu lililojaa pangaboi za ndege zilizovunjika, na kila moja naikumbuka ilivunjika siku gani na kwa ujinga upi. Sehemu kubwa ya majibu ya leo imetoka ndani ya boksi hilo.

Shikamoo mjomba. Nimeweka akiba mwaka mzima, sasa nataka kununua ndege yangu ya kwanza. Nimeipenda Spitfire ya foamu, mabawa ya mita 1.2, rangi za kijeshi, magurudumu yanajikunja yenyewe. Wenzangu wananiambia nianze na ile ya mazoezi yenye bawa juu, lakini mimi naiona kama mdoli. Unasemaje? — Kijana mwenye haraka

Marahaba, kijana wangu. Nunua mdoli.

Najua hilo silo ulilotaka kusikia, basi tupige hesabu pamoja uone kwamba sikuonei. Chukua ndege ya mazoezi yenye uzito wa kilo 1, bawa lina urefu wa mita 1.4 na upana wa sentimita 20. Eneo lake ni desimita mraba 28, kwa hiyo kila desimita mraba inabeba gramu 36 hivi. Sasa chukua ya kivita yenye kilo 1.5 na eneo la desimita mraba 22. Hapo kila desimita mraba inabeba gramu 68, karibu mara mbili. Kasi ndogo kabisa ambayo ndege inaweza kuruka bila kuanguka hufuata kipeuo cha pili cha uwiano huo, maana yake hiyo ya kivita itabidi ije kutua kwa kasi iliyozidi ya mwenzake kwa zaidi ya theluthi moja. Na wewe siku hiyo mikono inatetemeka, hujui bado kidole gani kinafanya nini.

Tena bawa la Spitfire huchongoka kuelekea ncha. Katika ndege ndogo, ncha nyembamba namna hiyo huwa na tabia ya kuacha kubeba kabla ya sehemu ya katikati. Anayeanza akiona ndege inashuka, mkono wake wenyewe unavuta eleveta, kile kibao cha mkiani kinachopandisha pua. Pua inapanda, mwendo unapungua, bawa moja linakata tamaa, ndege inajipindua. Ikitokea mita tatu kutoka ardhini, hakuna mjomba wa kukusaidia.

Ndege ya mazoezi ina bawa juu ya bodi, na ncha zake zimeinuliwa kidogo. Ikiinama upande, ukaachia vijiti vya rimoti, inajirudisha taratibu. Ya kivita ukiiachia vijiti itaendelea na balaa lolote uliloianzishia.

Kabla ya kununua chochote, tumia simuleta kwenye kompyuta. Saa kumi za kuangusha ndege za bure zinafundisha vidole kuliko mwezi mzima wa kusoma. Ila kwanza muulize atakayekufundisha anatumia mpangilio upi wa vijiti, wa kwanza au wa pili. Ule wa pili, ambao mota na usukani wa mkia viko kushoto, na eleveta na eleroni (vibao vya mabawani vya kuinamisha ndege) viko kulia, ndio walio nao wengi. Kuhama kutoka mmoja hadi mwingine ukishazoea ni kama kujifunza upya kuandika kwa mkono usio wako.

Spitfire haitakimbia. Itakuwa ndege yako ya tatu, na utaifaidi.

Mjomba, ndege yangu ilikuwa inaruka vizuri na betri ya mAh 2200 (kipimo cha chaji inayobeba). Nikanunua ya 3300 nikae hewani muda mrefu zaidi. Haikuenea puani, nikaisogeza nyuma, chini ya bawa. Nilipoirusha ilipanda wima, ikasimama kama inayofikiri, ikalalia ubavu, ikaja chini. Mota ndiyo mbovu au rimoti? — Aliyevunjika moyo

Pole sana. Mota nzima, rimoti nzima. Uliyoihamisha ni betri, na pamoja nayo ulihamisha kitovu cha uzito.

Kila ndege ina mahali pake pa kusawazika. Kwa ndege nyingi za kawaida ni kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Kama bawa lako lina upana wa sentimita 24, mahali hapo ni kati ya sentimita 6 na 8 kutoka mbele, kama kitabu chake hakikusema vingine. Weka betri ndani, funga kifuniko, inyanyue ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa pale ulipopima. Ikae sawa, au pua iiname kidogo tu. Mkia ukishuka, hairuki siku hiyo. Usijiambie "nitajaribu nione". Umeshajaribu, umeshaona.

Warushaji wa zamani wana usemi: yenye pua nzito huruka vibaya, yenye mkia mzito huruka mara moja. Pua ikiwa nzito, ndege inakuwa mvivu, inataka uvute eleveta wakati wote, inatua kwa kasi, lakini utarudi nayo nyumbani. Mkia ukiwa mzito, ukigusa kijiti kidogo inaruka juu, ukijaribu kuituliza inapiga mbizi, unabaki unaifuata nyuma kama mtu anayefukuza kofia kwenye upepo.

Isitoshe, 3300 ina uzito zaidi, na sehemu ya zile dakika ulizonunua inaliwa na kazi ya kuubeba uzito huo. Ningekuwa wewe ningenunua 2200 ya pili na kutua kuibadilisha. Kutua ndilo jambo unalohitaji kufanya mazoezi nalo kuliko yote.

Mimi kosa langu lilikuwa lingine, nalo pia nililileta kutoka mezani. Nilibadilisha sevo moja, kimota kinachosogeza vibao, usiku, asubuhi nikafika uwanjani mbele ya wageni niliowaalika mwenyewe. Ndege ikaacha ardhi, ikainama kushoto kidogo. Nikasukuma kijiti kulia. Ikainama kushoto zaidi. Nikasukuma kulia mpaka mwisho. Eleroni zilikuwa zimegeuzwa, mimi ndiye niliyekuwa naiangusha, tena kwa juhudi kubwa.

Tangu siku hiyo, kabla ya kurusha nasema kwa sauti, hata nikiwa peke yangu: kijiti kulia, eleroni ya kulia imepanda, ya kushoto imeshuka, navuta, eleveta imepanda, usukani kulia, umeenda kulia. Watu wananiangalia. Waangalie. Halafu kwa ndege mpya, au niliyogusa redio yake, natoa pangaboi, nawasha mota kidogo, nazima rimoti. Mota lazima izimike yenyewe. Isipozimika, risiva, yaani kipokezi kilicho ndani ya ndege, haijapangwa ifanye nini ikipoteza mawimbi, na siku itakapoyapoteza ndege itaondoka na mota inanguruma.

Pua iliyobonyea usiitupe. Kama ni foamu ya EPO, ile inayonyumbuka kidogo, imwagie maji ya moto sana polepole. Mikunjo mingi inavimba na kurudi. Ila angalia gundi. Supaglu ya kawaida inaila foamu nyeupe ya vipunje, ile ya kufungashia vyombo, inabaki shimo. Kama huna hakika una foamu gani, weka tone moja mahali pasipoonekana, usubiri.

Mjomba, mimi si mrushaji, ni mke wa mrushaji. Mume wangu anachaji betri za ndege chumbani, karibu na kitanda, halafu analala. Moja imevimba kama mto mdogo, anasema "bado ina nguvu". Mambo ya ndoa ningempelekea shangazi, ila hili nimeona ni lako. — Mama asiyelala

Ni langu kabisa, mama, na umefanya vizuri kuandika. Msomee haya akiwa amekaa.

Bwana, hiyo iliyovimba imekufa. Kuvimba ni gesi iliyojitengeneza ndani baada ya kemikali kuharibika, na kuichaji tena ni kuomba moto. Betri ya lithiamu polima ikishika moto haiungui polepole; inatoa moshi wa sumu na miali kwa sekunde chache, na ya jirani yake inafuata. Usiitoboe. Imalize chaji taratibu kwa balbu, ikiwa nje, juu ya kitu kisichoungua, kisha ipeleke wanakopokea taka za betri.

Zilizo nzima zichajie mbali na kitanda, pazia na mlango wa kutokea, juu ya sakafu ya vigae au ndani ya chungu kikubwa, ndoo ya mchanga ikiwa karibu, na wewe ukiwa macho. Ndiyo, macho. Kama unataka kulala, chomoa.

Hesabu zake ni chache. Seli moja ikijaa ni volti 4.2. Betri ya seli tatu ikijaa ni 12.6, na chaja iwe ile inayosawazisha seli kwa waya mdogo mweupe wa pembeni. Ya mAh 2200 ichajiwe kwa ampea 2.2, hata kama lebo inajisifu kwamba inavumilia zaidi. Kama huirushi ndani ya siku mbili tatu, usiihifadhi ikiwa imejaa wala tupu. Iache kwenye volti 3.8 hivi kwa kila seli, chaja nyingi zina kitufe cha kazi hiyo. Nashuku ile yako ilivimba kwa kukaa imejaa miezi mitatu.

Na usiruke mpaka mota ikatike. Ruka dakika tano, tua, chaji, uone chaja imerudisha kiasi gani. Ikirudisha mAh 1100, unatumia 220 kwa dakika. Asilimia 80 ya 2200 ni 1760, kwa hiyo una dakika nane. Weka saa ya rimoti ikulilie kwenye saba.

Mama, akibisha, hamishia betri nje wewe mwenyewe. Shangazi angekuunga mkono.

Ndege ikienda mbele nafanya vizuri, ikirudi kwangu nachanganyikiwa, kulia inakuwa kushoto. Nina miaka 14.

Kila mmoja wetu alipita hapo, mwanangu. Usijaribu kugeuza kichwani. Ikija kwako, angalia bawa gani limeinama, halafu sukuma kijiti upande wa bawa hilohilo, kana kwamba unaliwekea nguzo chini lisidondoke. Litanyanyuka. Baada ya wiki chache hutahitaji nguzo. Na ruka juu kiasi. Urefu ni muda wa kufikiri.

Ndugu yangu, nina miaka 63 na ninarusha tangu ujana. Siku hizi ndege ikifika mbali naona kivuli tu, sijui inakuja au inaenda. Nimeanza kufikiria kuacha. — Mzee mwenzio

Usiache, ndugu yangu. Badilisha ndege kwanza.

Ya mita 1.2 ikiwa mita mia mbili ni mbu. Nenda kwenye mita 1.8 au 2, nyepesi na ya polepole, na uirushe karibu. Kisha rangi. Warembaji wengi wanapamba juu ya bawa kwa sababu ndiko kunakoonekana dukani, wakati sisi tulio chini tunaangalia tumbo. Chini ya bawa weka mistari mipana myeusi, miwili mitatu, sio maua na herufi. Juu acha rangi moja kali, ya chungwa au nyekundu. Hapo ikijigeuza unajua mara moja unaona mgongo au tumbo. Rangi ya fedha na bluu ya anga waachie wapiga picha. Miwani ya jua nayo usiiache, na kama unatumia ya daktari, mwambie umbali unaoangalia, maana wengi wanakupimia ya kusomea.

Ukikata tamaa, mkumbuke Maynard Hill wa Marekani. Mwaka 2003, macho yake yakiwa yamekwisha kiasi cha kuhesabiwa kipofu kisheria, yeye na wenzake walirusha ndege ya balsa, mbao nyepesi sana, yenye uzito chini ya kilo 5 kutoka Newfoundland, Kanada, ikavuka Atlantiki na kutua Ireland baada ya saa 38 na kitu. Baharini iliongozwa na kompyuta yake, ni kweli. Lakini vijiti vya mbao havikujigundisha vyenyewe.

Je, kufunga jairo, kifaa cha kutuliza ndege, ni kudanganya?

Hapana. Ni kama magurudumu ya pembeni ya baiskeli, na kwenye upepo hata mimi nawasha. Ninachokataa ni mtu kuifunga ili afiche kitovu cha uzito kibaya au bawa lililopinda. Siku itakapozimika atakutana na ndege yake kwa mara ya kwanza. Rekebisha ndege ikiwa jairo imezimwa, ndipo uiwashe. Na ipime kabla ya kurusha: inamisha bawa la kushoto kwa mkono ghafla, eleroni ya kushoto lazima ishuke ili ilinyanyue. Ikipanda, jairo imegeuka, na hutaweza kushindana nayo.

Tunaruhusiwa kwenda juu kiasi gani?

Nchi nyingi zimeweka kikomo cha mita 120 kutoka ardhini, na nyingi zinataka usajili ndege ikizidi gramu 250. Yako inaweza kuwa na masharti mengine. Mamlaka ya usafiri wa anga ndiyo ya kuuliza, sio jirani mwenye droni. Juu ya vichwa vya watu jibu ni moja popote.

Mjomba, shikamoo. Baba yangu alifariki, akaniachia ndege kubwa ya balsa, injini ndogo ya mafuta iliyoandikwa .40, na rimoti yenye antena ndefu ya kuvuta, imeandikwa 35 MHz. Imekaa darini miaka ishirini. Sijawahi kurusha ndege yoyote, ila nataka kuiona hii ikipaa hata mara moja. Inawezekana? — Binti wa mrushaji

Marahaba, binti yangu, na pole kwa msiba. Inawezekana. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Nianze na rimoti, kwa kuwa hiyo ndiyo ninayokuomba usiitumie. Enzi za baba yako kila rimoti ilikuwa na kristali, kipande kidogo cha kuamua masafa yake, na uwanjani palikuwa na ubao wa vibanio. Ulichukua kibanio chenye namba yako ndipo ukawasha. Mtu mmoja akisahau, akawasha rimoti yenye namba ileile, ndege iliyokuwa hewani ilipoteza bwana wake. Pangaboi ya tatu kwenye boksi langu ilivunjika hivyo, na aliyewasha bado ananisalimia kwa aibu. Redio za leo za 2.4 GHz zinajitambulisha kwa risiva yake, ugomvi huo umekwisha. Funga redio mpya ndani ya ndege, ile ya zamani iweke kabatini na antena yake. Walter na William Good, mapacha wa Marekani waliorusha ndege yao ya redio iitwayo Guff mwaka 1937, walitumia redio za valvu, na Guff leo imetunzwa makumbusho ya Smithsonian. Ya baba yako nayo ina haki ya kupumzika.

Betri ya ndani itakuwa ya nikeli na kadmi, imekufa na huenda imevuja. Itoe pamoja na waya zilizogeuka nyeusi. Mirija ya mafuta imekakamaa, badilisha yote, hata ule ulio ndani ya tangi. Kama bawa linafungwa kwa mipira ya kufungia (rababendi), tupa yote, nunua mipya kumi au kumi na mbili. Vuta kila bawaba kwa vidole, kwa nguvu ya kweli. Bonyeza mbao nyuma ya injini: zikiwa laini na zenye mafuta, gundi imeachia hapo, na fundi anayejua balsa azione kabla ya lolote.

Injini hiyo, sentimita za ujazo 6.5 hivi, inawezekana haizunguki. Usiilazimishe kwa koleo. Mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa kwenye methanoli hukauka yakawa kama gundi. Ipashe moto taratibu kwa mashine ya kukaushia nywele, dondoshea mafuta mepesi, subiri, jaribu tena kesho. Ikilegea, weka plagi mpya ya kuwashia. Wakati wa kuiwasha, usizungushe pangaboi kwa kidole. Tumia kipande cha mti kilichovikwa mpira, au stata ya umeme, na simama nyuma ya pangaboi. Mwali wa methanoli hauonekani vizuri mchana, kwa hiyo chupa ya mafuta ikae mbali.

Kuirusha usirushe wewe, sio kwa mara ya kwanza. Tafuta klabu, mwombe mrushaji mzee aliyewahi kushika injini za aina hiyo, na amwombe mwenzake rimoti ya pili waziunganishe mbili, ya mwalimu na ya mwanafunzi. Yeye ataipandisha. Ikifika juu, ikitulia, atabonyeza kitufe na vijiti vitakuwa vyako. Ukikosea anairudisha kwake. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, na dakika ile ya kwanza nilisahau kupumua.

Jambo moja la mwisho kwa barua hii: kabla hujaifuta vumbi, ipige picha zote, na angalia ndani ya bodi chini ya bawa. Warushaji wa rika la baba yako walikuwa na desturi ya kuandika humo kwa penseli, uzito, tarehe, mahali pa kitovu. Ukikuta alama yake, usawazishe hapo hapo. Halafu niandikie uniambie injini iliwaka kwa pigo la ngapi.